Besi Nzito ya Birmingham: Ozzy Osbourne, Trapu na Masikio ya Wenye Mamlaka

Septemba 2019 msanii wa Marekani, Post Malone, alitoa albamu iitwayo Hollywood's Bleeding, ambayo ndani yake umo wimbo "Take What You Want", uliowakutanisha watu watatu ambao kwa desturi za biashara ya muziki hawakutarajiwa kusimama mbele ya kipaza sauti kimoja: Post Malone mwenyewe, rapa Travis Scott wa Houston, na Ozzy Osbourne, mzee wa miaka 70 aliyekulia katika kata ya Aston, Birmingham, na kujipatia jina tangu 1970 akiwa mwimbaji wa Black Sabbath. Wimbo huo ulifika nafasi ya 8 katika chati ya Billboard, ukamrudisha Osbourne katika kumi bora za Marekani kwa mara ya kwanza tangu 1989, na kwa wahakiki wengi ulibaki kuwa kioja cha kibiashara, yaani mzee amekodiwa ili awapambe vijana. Makala hii inashikilia kinyume chake: kwamba trapu na muziki wa Aston ni ndugu, kwamba undugu huo unasikika katika namna zote mbili zinavyotengeneza uzito na hofu, na kwamba mji uliomtoa Osbourne unao warithi wake mwenyewe wa uzito huo, ambao wenye mamlaka wamechelewa kuwasikiliza.

Ni vema kuanza na istilahi. Trapu ni tawi la hip hop lililokomaa Atlanta, katika jimbo la Georgia, mwanzoni mwa miaka ya 2000, likapata jina lake kutokana na nyumba za vichochoroni zilizouziwa dawa za kulevya, ambazo wenyeji waliziita mtego kwa kuwa aliyeingia humo, muuzaji kwa mnunuzi, hakuwa na njia rahisi ya kutoka; albamu ya T.I. ya mwaka 2003, Trap Muzik, ndiyo iliyolitangaza jina hilo nje ya mtaa. Kisauti, trapu husimama juu ya mashine ya ngoma ya Kijapani, Roland TR-808, iliyoanza kuuzwa 1980 na kusimamishwa 1983 baada ya kutengenezwa takribani mashine 12,000 tu, kwa kuwa wanamuziki wa studio waliona ngoma zake hazifanani na ngoma za kweli. Mashine hizo zilipouzwa kwa bei ya kutupa katika maduka ya mitumba, zikawaangukia vijana wasio na fedha za kukodi mpiga ngoma, na vijana hao wakagundua kwamba ngoma yake ya chini, ile ambayo katika bendi hupigwa kwa mguu, inaweza kurefushwa hadi igeuke kuwa noti ya besi inayotetemesha kifua. Ikutaro Kakehashi, mwasisi wa Roland, alieleza baadaye kwamba mlio wa pekee wa mashine hiyo ulitokana na transista zenye kasoro, ambazo kiwanda kilizinunua kwa makusudi, na kwamba utengenezaji ulikoma pale transista zilipoboreshwa na zenye kasoro zikakosekana.

Juu ya besi hiyo hupangwa matoazi mawili madogo yanayofungana, yale ambayo mpiga ngoma huyaendesha kwa kukanyaga, ila katika trapu huendeshwa na kompyuta kwa kasi ambayo mguu wa binadamu hauiwezi, yakipasuliwa vipande vitatu vitatu na kumiminika kama mvua ya mawe juu ya bati. Kisha huja ngoma kavu ya kati, kofi, na sauti ya kinanda cha umeme inayopiga noti chache za huzuni, mara nyingi kwa mlio wa kengele, wa filimbi au wa tarumbeta za bandia. Tarumbeta hizo ndizo zilizoupa nguvu mkondo uliosikika katika albamu ya Waka Flocka Flame, Flockaveli, ya 2010, ambayo mtayarishaji wake mkuu wa midundo, Lex Luger, aliwafundisha waliomfuata jinsi ya kumfanya msikilizaji aone kwamba dari linashuka.

Wasikilizaji wengi, hasa wazazi, huamini kwamba nguvu ya muziki huu inatokana na kasi na kelele. Imani hiyo haithibitiki mtu akihesabu. Mdundo wa kawaida wa trapu huandikwa katika kompyuta kwa mapigo kama 140 kwa dakika, lakini ngoma ya kati hugongwa kwa nafasi pana kiasi kwamba mwili huuhesabu kuwa ni 70, yaani mwendo wa mtu anayetembea bila haraka; hivyo juu kuna matoazi yanayokimbia na chini kuna besi inayoburuta miguu, na msikilizaji hujikuta katikati, akiwa na wasiwasi na utulivu kwa wakati mmoja. Hali hiyo ya moyo, ya mtu aliye macho usiku huku akijilazimisha kutoonyesha woga, ndiyo roho ya trapu, na haipatikani katika muziki wa kasi tupu. Huongezewa nguvu na ukimya: kabla ya besi kuingia, mtayarishaji huondoa karibu kila kitu kwa sekunde moja au mbili, akabakiza sauti ya mtu mmoja, kisha huachia mzigo wote kwa pamoja, na umati huruka, ingawa kwa hesabu ya sauti kilichoufanya uruke ni ile nafasi tupu iliyotangulia.

Kuna jambo la kiufundi ambalo halina budi kutajwa kwa sababu linaeleza mengi. Besi ya trapu hukaa kwenye mitetemo kama 40 hadi 60 kwa sekunde, ambayo spika ya simu haiwezi kuitoa kabisa, na hali vijana wengi duniani husikiliza kwa simu. Watayarishaji hutatua tatizo hilo kwa kuichafua besi kwa makusudi, wakiizidishia nguvu hadi ipasuke na kuzaa mitetemo ya juu ambayo simu inaiweza. Ubongo wa msikilizaji, ukisikia mitetemo hiyo ya juu, huijenga wenyewe noti ya chini isiyokuwepo. Kwa hiyo ule mkwaruzo ambao mtu mzima huuona kuwa ni uharibifu wa sauti ni njia ya kumfikishia uzito mtu asiye na spika kubwa.

Upande wa pili wa suala hili ni ushirikiano, ambao wasanii wa Bongo Fleva huuita kolabo. Trapu imeufanya kuwa sehemu ya umbo lake, kwa sababu mdundo wake haubadiliki sana kutoka mwanzo hadi mwisho na hauna madaraja mengi ya sauti kama nyimbo za zamani. Kinachobadilika ni mtu. Sauti ya pili inapoingia, na lahaja yake, na namna yake ya kuchelewa au kuwahi nyuma ya ngoma, ndipo wimbo unapopiga hatua. Chief Keef wa Chicago alipomshirikisha Lil Reese mwaka 2012 katika "I Don't Like", juu ya mdundo wa Young Chop, kilichowasha moto ni jinsi vijana hao wawili walivyopokezana bila kushindana kwa ufundi, huku kelele fupi za pembeni, zile zinazotupwa baada ya mstari ili kuukazia, zikifanya kazi ya waitikiaji. Mwaka huohuo Hudson Mohawke wa Glasgow na Lunice wa Montreal, chini ya jina TNGHT, walitoa nyimbo tano za trapu zisizo na rapa hata mmoja, zikaonyesha kwamba kolabo yaweza kuwa ya watayarishaji peke yao: mmoja analeta tarumbeta, mwingine anaondoa kila kisichohitajika.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni. Malumbano ya washairi wa Mombasa katika karne ya 19, zama za Muyaka bin Haji, yalisimama juu ya bahari na mizani isiyobadilika ili tofauti za watu zisikike. Na ngoma ya beni, iliyozuka pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi na kuenea hadi bara la Tanganyika, ilikuwa na vyama viwili vikuu, Marini na Arinoti, vilivyoshindana kwa tarumbeta, mavazi na nyimbo za kuchomana. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma na jamii ya Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi maofisa wa kikoloni walivyoishuku beni kuwa kichaka cha njama za kisiasa, na jinsi wamisionari walivyoiona kuwa upotovu, ilhali wachezaji wenyewe waliona humo heshima, mpangilio na msaada wa kuzikana. Shaka ya namna hiyo itarudi katika makala hii, ikiwa imevaa suti ya Kiingereza.

Birmingham, kwa upande wake, ni mji ambao Waafrika Mashariki wengi waliukodolea macho Agosti 2022, Ferdinand Omanyala aliposhinda mita 100 za Michezo ya Jumuiya ya Madola katika Uwanja wa Alexander, eneo la Perry Barr, kwa sekunde 10.02, medali ambayo Mkenya wa mwisho kuitwaa alikuwa Seraphino Antao wa Mombasa mwaka 1962. Na siku chache kabla ya hapo, katika mbio ndefu zilizopita mitaa ya mji huo, Victor Kiplangat wa Uganda, Alphonce Simbu wa Tanzania na Michael Githae wa Kenya walimaliza wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kamera za televisheni hazikuwa na haja ya kueleza kwamba Perry Barr inapakana na Handsworth na Aston, kata ambazo kwa miaka 50 zimetengeneza sehemu kubwa ya muziki mzito wa Uingereza.

Aston ya miaka ya 1960 ilikuwa mahali pa viwanda. Osbourne alifanya kazi ya kupima honi za magari katika kiwanda cha Lucas, kisha katika machinjio. Tony Iommi, aliyekuja kuwa mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikuwa na miaka 17 mwaka 1965 mashine ya kukatia mabati ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ambao kwake yeye, mtu wa shoto, ndio unaobana nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akatafuta nyuzi nyembamba zaidi, na kufikia albamu ya tatu ya bendi, Master of Reality ya 1971, akawa anazilegeza nyuzi kwa nusutoni tatu, hivyo ule uzi mnene wa gitaa uliotakiwa kutoa mitetemo kama 82 kwa sekunde ukawa unatoa kama 69. Gitaa lililolegezwa hunguruma mahali ambapo gitaa la kawaida hulia. Hapa ndipo hevi metali, yaani muziki wa gitaa zito la umeme ambao Black Sabbath wanahesabiwa kuwa waasisi wake, inapokutana na trapu kwa mara ya kwanza: sauti zote mbili zimezaliwa na kasoro ambayo mwenye nayo aliikubali na kuijenga, vidole vilivyokatika upande mmoja na transista mbovu upande wa pili, na zote mbili ziliwafikia kwanza watu waliozoea kuambiwa kwamba vifaa vyao si kamili.

Zinakutana pia katika sinema. Black Sabbath walichukua jina lao kutoka filamu ya kutisha ya Mario Bava ya 1963, na wimbo wenye jina hilo, ulio wa kwanza katika albamu yao ya kwanza iliyotoka Februari 13, 1970, huanza na mvua na kengele ya kanisa, kisha gitaa hupiga noti mbili zilizotengana kwa toni tatu kamili, umbali ambao sikio la Kizungu limelelewa kuuona wa kishetani. Kusini mwa Marekani, kundi la Three 6 Mafia la Memphis, lililoundwa 1991 na ambalo watayarishaji wa Atlanta wanadaiwa nalo mengi, lilijenga midundo yake kwa kuiga muziki wa filamu za kutisha: kengele, vinanda vya chini, kwaya za mbali. Haihitajiki kudai kwamba Memphis iliisikiliza Aston. Inatosha kuona kwamba vijana wa miji miwili ya wafanyakazi, mmoja wa chuma na mwingine wa pamba na maghala, waliona kwamba hofu waliyoishi nayo inasemeka vizuri zaidi kwa lugha ya sinema kuliko kwa lugha ya mahubiri.

Mtu akirudi sasa kwenye "Take What You Want" akiwa na masikio hayo, wimbo hauonekani tena kuwa kioja. Sauti ya Osbourne ndiyo inayoufungua, nyembamba na ya kuomboleza, ikiwa juu ya nafasi tupu. Matoazi yanayokimbia na besi ndefu vinapoingia, haibadiliki hata kidogo, kwa sababu tangu 1970 ilikuwa imezoea kuelea juu ya kitu kizito kinachoburuta. Post Malone anaimba kwa mtetemo wa mtu aliyelelewa na rekodi za aina hiyo, na Travis Scott anafanya kazi ya rapa katika kolabo, ya kuubana wimbo na kuuharakisha bila kugusa mapigo. Hukumu ya haki ni kwamba wimbo si kazi bora ya yeyote kati ya watatu hao. Mpigo mrefu wa gitaa unaoumaliza ni wa kujionyesha, unatangaza kwa sauti kubwa undugu ambao besi ilikuwa imekwisha kuuthibitisha kimyakimya. Lakini ulimfungulia Osbourne mlango wa albamu Ordinary Man, iliyotoka Februari 2020 chini ya Andrew Watt, mmoja wa watayarishaji wa wimbo huo, na kwa mzee aliyekuwa anaugua, hilo si dogo.

Tatizo la kolabo hiyo, kwa mtazamo wa Birmingham, ni kwamba inamfanya msikilizaji adhani uzito wa mji huo uliondoka na wazungu wa Aston na kwenda kuishi California. Sivyo. Kilomita chache kutoka nyumbani kwa Osbourne, wahamiaji wa Jamaika walijenga mitambo yao ya sauti, yaani makabati makubwa ya spika yaliyotengenezwa kwa mikono kwa ajili ya kuhamisha rege kutoka ukumbi hadi ukumbi, na kutoka huko likatoka kundi la Steel Pulse na albamu yake Handsworth Revolution ya 1978. Familia za Kipunjabi nazo zilileta dholi, ngoma pana ya pande mbili ambayo upande wake mmoja ni besi tupu; miongoni mwao walikuwamo Masingasinga mafundi waliopitia Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kabla ya kuhamia Uingereza katika miaka ya 1960 na 1970, wengine wao wakiwa bado na Kiswahili midomoni. Apache Indian, mzaliwa wa Handsworth wa 1967, aliunganisha ngoma hizo na rege ya Jamaika hata kabla neno kolabo halijawa la kila siku.

Warithi wa leo wamekulia katika mji ambao viwanda vimeondoka. Kiwanda cha magari cha Longbridge kilianguka Aprili 2005 na kuondoka na ajira zipatazo 6,000. Kiwanda cha sosi ya HP, kilichokuwa alama ya Aston, kilifungwa 2007 na kazi yake kupelekwa Uholanzi. Kama hevi metali ilikuwa sauti ya mtu anayechoshwa na mashine, muziki wa kizazi hiki ni wa mtu ambaye mashine hiyo aliisikia kwa kusimuliwa tu. Mist, rapa wa Erdington aliyetoa Diamond in the Dirt mwaka 2018, amefanya kazi zake nyingi na Steel Banglez, mtayarishaji wa London mwenye asili ya Punjabi, na maneno ya Kipunjabi yamo ndani ya mistari yake kama maneno ya mtaa, kwa kuwa kwake ndivyo yalivyo. M1llionz wa Handsworth, aliyesikika kwa mara ya kwanza kati ya 2019 na 2020 na kutoa Provisional Licence mwaka 2021, anachana drili, ambayo ni mtoto wa trapu aliyezaliwa Chicago na kulelewa London, yenye besi inayoteleza kutoka noti hadi noti badala ya kukaa mahali pamoja.

M1llionz anastahili kusikilizwa kwa makini kwa sababu yeye ndiye uthibitisho bora wa hoja ya makala hii kuhusu nguvu. Hapigi kelele. Anazungumza kwa sauti ya chini, katika lafudhi ya Birmingham iliyochanganywa na Kijamaika, akianza sentensi kabla ya ngoma na kuimaliza baada yake, hivi kwamba msikilizaji huhisi kuwa anasikia habari za siri kupitia ukuta mwembamba. Ufundi wake ni wa msimulizi, wenye majina ya barabara, saa, taratibu za magereza na vichekesho vikavu. Katika mji ambao lafudhi yake ilidharauliwa kwa miongo mingi na Waingereza wenyewe, hata wachekeshaji wakaifanya alama ya uzito wa akili, kuifanya lafudhi hiyo kuwa chombo cha kuchana juu ya besi ni mafanikio ambayo Osbourne, aliyeficha kidogo sana lafudhi yake akizungumza lakini aliiacha nje akiimba, hakuyafikia.

Hapo ndipo shaka ya wenye mamlaka inaporudi, na Birmingham ina bahati ya kuwa na chombo chake cha kuichambulia. Chuo Kikuu cha Birmingham kilikuwa na Kituo cha Masomo ya Utamaduni wa Kisasa, kilichoanzishwa 1964 na Richard Hoggart, kikaongozwa baadaye na Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika, na kufungwa na chuo chenyewe 2002. Mwaka 1978 Hall na wenzake wanne walichapisha Policing the Crisis, kitabu kilichoanzia kwenye tukio la Novemba 1972 huko Handsworth, ambapo vijana watatu walimshambulia na kumpora mtu, na Machi iliyofuata mmoja wao akahukumiwa miaka 20 na wenzake miaka 10 kila mmoja. Waandishi hawakukanusha uhalifu huo. Walichouliza ni jinsi tukio moja lilivyogeuzwa na magazeti, polisi na mahakama kuwa picha ya jamii nzima, mchakato ambao wanazuoni huuita hofu ya kimaadili, yaani jamii kuogopa kundi fulani kwa kiasi kisicholingana na madhara halisi.

Muziki umekuwa kuni za hofu hiyo mara nyingi. Januari 2003, wasichana wawili walipouawa kwa risasi za magenge wakiwa nje ya sherehe ya mwaka mpya huko Aston, waziri wa utamaduni wa Uingereza, Kim Howells, alilielekezea lawama kundi la So Solid Crew, ambalo ni la Battersea, London. Januari 2019 mahakama iliwahukumu Skengdo na AM, marapa wa drili wa London, kifungo cha miezi 9 kilichoahirishwa, kwa kosa la kuimba wimbo wao jukwaani kinyume cha amri iliyokuwa imewazuia. Na mwaka huohuo wa 2019, mwezi Juni, Birmingham ililizindua Daraja la Black Sabbath katika Broad Street, likiwa na benchi lenye sura za wanabendi wanne, ambao mmoja wao katika ujana wake alivunja duka la nguo, akakosa fedha za faini, baba yake akakataa kumlipia, akakaa wiki kadhaa katika gereza la Winson Green.

Osbourne naye alionja hofu hiyo. Wazazi wa kijana wa California aliyejiua walimshitaki yeye na kampuni ya kurekodi wakidai wimbo wake ulimsukuma mtoto wao, na mahakama za jimbo hilo, ile ya rufani ikitoa uamuzi wake 1988, zilikataa kwa hoja kwamba maneno ya wimbo hayawezi kuchukuliwa kama amri aliyopewa msikilizaji. Hoja hiyo ni nzuri, na inashangaza jinsi isivyovuka bahari pale msanii anapokuwa kijana mweusi na ala inapokuwa mashine ya ngoma badala ya gitaa. Haimaanishi kwamba kila mstari ni mtakatifu. Ipo drili inayotaja marehemu kwa dhihaka na trapu inayowatukana wanawake bila ubunifu wowote, na mhakiki asiyesema hivyo anawakosea wasikilizaji. Lakini kukemea ni kazi ya mhakiki, na kufunga ni kazi ya hakimu. Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania, lililowafungia Diamond Platnumz na Rayvanny Desemba 2018 kwa kuimba "Mwanza" jukwaani baada ya wimbo huo kupigwa marufuku, lilizichanganya kazi hizo mbili kama zilivyochanganywa London mwezi mmoja baadaye.

Uzito wa Birmingham, wakati huohuo, umekwisha kufika Nairobi kwa njia ambayo hakuna baraza lililoipangia. Mwaka 1987 kundi la Napalm Death lilitoa Scum, iliyorekodiwa Selly Oak, kusini mwa Birmingham, ikiwa na ngoma za kasi isiyowahi kusikika. Kutokana na mzizi huo, Martin Kanja na Sam Karugu wa Nairobi, kwa jina la Duma, walitoa mwaka 2020 albamu ya kelele na mashine kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kanja, ajiitaye Lord Spikeheart, aliendelea peke yake na mwaka 2024 akatoa The Adept, albamu iliyojaa kolabo, ambamo mayowe ya hevi metali yamekaa juu ya besi za trapu bila kuombana radhi, na ambayo aliitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau, aliyefariki 2023 na ambaye ni bibi wa ukoo wake. Kile ambacho Post Malone alikijaribu kwa kumwalika mzee wa Aston studioni, Kanja amekifanya kwa kuwa na jambo la kusema ambalo haliwezi kusemwa kwa sauti nyepesi, na kwa hukumu ya makala hii kazi yake ndiyo bora kati ya hizo mbili.

Ozzy Osbourne aliimba kwa mara ya mwisho Julai 5, 2025, katika uwanja wa Villa Park, Aston, akiwa ameketi kwenye kiti, na akafariki Julai 22. Msafara wa jeneza lake ulipita Broad Street na kusimama kwenye lile daraja, mbele ya maelfu ya watu. Halmashauri ya mji huo, ambayo Septemba 2023 ilitangaza kwamba haina fedha za kutimiza wajibu wake, ilikuwa imekwisha kupunguza ruzuku za mashirika ya sanaa kwa nusu katika mwaka wa fedha wa 2024/25 na kuzifuta zote mwaka uliofuata. Halmashauri inayojua kufunga barabara kwa heshima ya mwimbaji wa zamani inapaswa, ruzuku zitakaporudi, kuanza na vyumba vya kurekodia vya Handsworth na Erdington. Na polisi wa mji huo, kabla ya kupeleka mistari ya kijana mahakamani, wausikilize wimbo wote, wakiwa na spika inayotoa besi.